Mchanga wa Rwazi Umehamia Kwetu

Koleta, munywani wange, rafiki yangu,

Naanza na habari ambayo najua ungeidai kwanza: Revina ananiamkia tena. Na si ile shikamoo ya kutupwa huku mtu anatazama pembeni. Jana alitua ndoo yake mchangani, akafuta mikono kwenye kitenge, akaniamkia kwa Kihaya, taratibu, kama ulivyomfundisha wewe mwaka ule mwanao Deo alipomleta kwako bibi harusi mwembamba ambaye hakujua hata kugeuza dagaa. Nilimwitikia, nikamgawia akamwani, ile kahawa ya kutafuna ninayotembea nayo. Aliipokea kwa mikono miwili. Mkweo ameiva, Koleta. Imechukua muda, na imechukua mchanga mwingi, lakini ameiva.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, upande wetu wa Kyoya. Ni Julai. Jua limetulia, upepo unatoka kusini kama kawaida yake ya msimu huu, na mbele yangu dagaa wametandazwa kuanzia hapa mpaka karibu na matete. Wanawake wa Kyoya na wanawake wa Rwazi wamechanganyika, huwezi kujua nani ametoka wapi mpaka waanze kubishana. Ungekuwepo ungetafuta kosa. Ungesema dagaa wa Jenesta wetu wa Kyoya wamebanana, hawatakauka chini. Wamebanana kweli. Nimemwambia, hasikii.

Siku ya mazishi yako sikukuaga. Masika ilikuwa imetushika, mto umejaa, na pale unapoingia ziwani maji yalikuwa yakipigana na mawimbi, hakuna mtumbwi unaothubutu. Ikabidi nizunguke kwa barabara, nipande mpaka Izigo, nishuke tena kupitia darajani, na pikipiki iliyonibeba ikazama kwenye tope. Nilipofika kibanjani kwako wanaume walikuwa wanasawazisha udongo kwa migongo ya majembe. Kwaya ya kigango chenu ilikuwa imeshamaliza. Nikasimama kati ya migomba yako na viatu vyangu mkononi. Mto mdogo ule, Koleta. Nimekupungia mkono kutoka ng'ambo yake asubuhi ngapi, nikauona moshi wa jiko lako, nikasikia ukimfokea mbuzi. Halafu siku ile moja, ile moja tu, mto ukanifungia njia.

Aliyeniona ni Revina. Alinishika mkono, akanipeleka ndani, akanikalisha kwenye nyasi zilizotandikwa, akaniletea maji ya kunywa na ya kunawa miguu. Wema ule sikuusahau hata baadaye, alipokuwa hataki kuniona.

Lakini siwezi kuulaumu sana mto huo, maana ndio ulionipa wewe. Kabla ya mafuriko ya mwaka ule tulijuana kwa kutazamana tu. Ninyi wa Rwazi mlikuwa na mawe na matete. Sisi wa Kyoya tulikuwa na ulimi wa mchanga, mrefu, mweupe, umeanzia kwetu ukanyooka kaskazini kuelekea kwenu, na mto umebanwa nyuma yake ukitafuta pa kutokea. Wanawake wote wa Kyoya tulianika dagaa pale. Ninyi mlikuwa mkipandisha ndoo mlimani mpaka uwanja wa shule, na tulikuwa tukiwaona mmejipanga kwenye kile kinjia kama siafu.

Halafu ikaja masika ile. Mto ulijaa nyuma ya mchanga mpaka ukaingia kwenye mashamba ya magimbi. Asubuhi moja tukasikia mngurumo, tukadhani ni lori limepinduka barabarani. Tulipofika ufukweni tukakuta mto umeupasua mchanga pale pale shinani, upande wetu, unatoka moja kwa moja ziwani, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakisambaa mpaka mbali. Ulimi wetu wote, pamoja na vichanja vyetu na nyavu zetu chakavu za kuanikia, ulikuwa ng'ambo. Haukusogea hata kidogo, mto ndio ulikuwa umehama. Na ule mlango wake wa zamani, huko kwenu, mawimbi yakauziba kabla hatujazoea, mchanga wetu ukashikana na nchi yenu kama vile ulizaliwa huko.

Mkutano wa siku ile ulifanyika kwa kupigiana kelele juu ya maji, ninyi huko na sisi huku. Mwenyekiti wetu alisema mchanga ni wa Kyoya, kila mwenye macho anajua. Mwenyekiti wenu akasema mpaka wa vijiji ni mto, siku zote umekuwa mto, na mto ule pale. Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hakuna aliyetaka kunyamaza. Vijana wakaanza kukunja mikono ya mashati. Ndipo ukajitokeza wewe, mwanamke ambaye sikujua hata jina lake, umefunga kitenge kiunoni, mikono yote imejaa magamba.

Ulisema, "Waitu, waheshimiwa wenyeviti, mto ukihama tena mwakani, na sisi tuhamishe nyumba?"

Watu wakacheka, wa huku na wa huko. Kisha ukatugeukia sisi wanawake tuliosimama kwenye maji mpaka magotini tukitazama mali zetu ng'ambo, ukasema neno ambalo mpaka leo wanalisema hapa:

"Mchanga ni wenu, nchi ni yetu. Vukeni mwanike, na sisi mtupishie kidogo."

Mimi nilikuwa wa kwanza kuvuka. Ulinipa mkono, nikateleza, nikaenda chini na kitenge changu kipya, ukanivuta huku unacheka. Namshukuru Mungu kwamba nilianguka. Mtu aliyekuona umelowa mpaka kichwani huwezi tena kumwekea maringo.

Misimu yote iliyofuata tulianika bega kwa bega. Nakumbuka tulivyoushona ule wavu wetu mkubwa kutoka kwenye vipande vya nyavu zilizotupwa na wavuvi, wewe ukianzia huku na mimi huko, tukikutana katikati na kugombana nani ameshona ovyo. Nakumbuka ukinisimulia Kashozi ya utoto wako, kengele ya misheni, mashamba ya kahawa, mama yako akiwakagua watoto mikono kabla ya kwenda kanisani. Uliimba nyimbo zenu za Kikatoliki nami nikaimba za usharika wetu wa Kilutheri, ukasema kunguru wanakimbia zaidi nikiimba mimi, kwa hiyo niendelee. Na mvua ikitokeza upande wa visiwani, hakuna aliyesubiri kuitwa. Tulikusanya dagaa wa yeyote aliye karibu, mwenyewe angejua baadaye.

Unakumbuka siku Novati alipokuja? Mwanangu alikuwa ameshaanza kufundisha jiografia mjini, amehamia Kitendaguro, akaja likizo na viatu vya mjini. Ulimuuliza kwa nini mchanga hautulii. Alivua viatu, akachukua kijiti, akatuchorea. Akasema upepo wa kusini unayaleta mawimbi kwa upande, hayaji yakiwa yamenyooka. Kila wimbi linapanda ufukweni kwa mshazari likiwa limebeba chembe za mchanga, halafu maji yanarudi chini moja kwa moja, kwa hiyo kila chembe inasogea kidogo kwenda kaskazini, na kidogo, na kidogo. Mchanga ule unajenga ulimi, ulimi unausukuma mlango wa mto, na maji ya mto yakipita pale yanakula ukingo wa upande wa pili. Mpaka ije masika yenye nguvu, mto uchoke kuzunguka, upasue njia ya mkato. Kisha mambo yanaanza upya.

Ulitupa kitunguu kilichooza kwenye ukingo wa maji ili umjaribu. Tukakifuata kwa macho, kinapanda mshazari, kinashuka, kinapanda tena mbele kidogo, mpaka kikatupita. Ukasema, "Mwalimu hakudanganya. Mchanga huu umetembea kuliko mimi." Ukampa dagaa wa kupeleka mjini, mfuko mzima. Bado anauliza kama kuna dagaa wa Mama Deo.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Ule upepo wa Juni uliofuata kifo chako ulikuwa mkali. Kwetu, ulimi mpya wa mchanga, ule uliokuwa ukijitokeza polepole tangu zamani nawe ukauita kidole, ulirefuka kila tulipoamka. Mto ukasukumwa kuelekea kwenu, ukaanza kuula mchanga wa Rwazi. Tulikuwa tukikaa pale tunaanika na tunasikia ukingo ukimeguka nyuma yetu, pu, pu, kama mtu anayetua mizigo. Vichanja vikaingia majini. Nafasi ikapungua, na wanawake wa Rwazi walikuwa wamemchagua Revina akae mahali pako.

Asubuhi moja tulivuka kama kawaida, tukamkuta amesimama ukingoni. Alikuwa na mimba ya miezi mingi na macho ya mtu ambaye hajalala. Alisema, "Mama zangu, mchanga haututoshi sisi wenyewe. Kuanzia leo kila mtu aanike kwao."

Jenesta alijibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Mimi nilisema tu, "Revina, kwetu bado ni matope." Na ilikuwa kweli, kidole chako kilikuwa kibichi, mawimbi yanakivuka. Aligeuka kutazama ukingo uliokuwa ukimeguka. Nikajua kwamba neno lile halikuwa rahisi kwake. Lakini Koleta, niliumia. Tulirudi na ndoo zetu, tukaanika kwenye majani na juu ya mawe madogo, na dagaa wengi waliharibika. Tangu siku ile akinikuta njiani alitazama migomba.

Mwaka ukazunguka. Masika ya mwaka huu haikuwa na nguvu ya kupasua kitu. Juni ikaleta upepo wake, na nikuambie, ulimi wetu sasa ni mpana kuliko ule wa zamani. Umekauka, mawimbi hayaupandi, majani yale yanayotambaa yameanza kuushika. Ukisimama juu yake unaona mpaka bandari ya Kemondo siku ya hewa safi, au labda nimejidanganya, lakini ndivyo unavyojisikia. Na Rwazi yamebaki mawe. Mto umepita pale pale tulipokuwa tukikaa mimi na wewe. Nilikwenda kupaangalia. Pale uliponisimulia habari za mama yako pana maji ya kifuani, na vijana wanaoga.

Wanawake wenu wakarudi kupandisha ndoo mlimani. Nilikuwa nikiwaona. Mbele yao alikuwa Revina, mtoto mgongoni, ndoo kichwani.

Nilisubiri aje kuomba, hakuja. Nikafahamu kwamba hatakuja, kwa sababu mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake ni vigumu kuugonga. Basi nikawaita wenzangu wa Kyoya, nikasema tuwakaribishe. Jenesta akasimama.

"Walitufukuza," alisema. "Aliyetukaribisha ni Koleta, si hawa. Tungekuwa na deni kwa Koleta, sawa. Koleta hayupo."

Wengi walimwitikia, na sikuweza kusema amekosea. Nikasema kilichokuwa moyoni tu. "Jenesta, mimi namkaribisha Koleta. Hana miguu ya kuja nayo isipokuwa ya hawa."

Jenesta aliinama akaendelea kugeuza dagaa wake, akageuza, akageuza, mpaka akafika mwisho wa safu. Kisha akasema bila kuinua kichwa, "Wasiniwekee ndoo kwenye njia yangu." Unamjua. Ile ilikuwa ndiyo.

Kesho yake nilivuka peke yangu. Maji yalikuwa ya kiunoni, nilijifunga kitenge juu. Nilimkuta Revina uani anamenya ndizi, mtoto anatambaa kando ya kaburi lako, anachezea maua. Nilikaa kidogo pale kwako kwanza. Halafu nikamwambia kwamba nimekuja kuazima wavu wetu, ule mkubwa, maana kwetu mchanga upo lakini nyavu za kutandika ni chache na dagaa wanakuwa na chengachenga za mchanga.

Aliingia stoo akautoa. Alikuwa ameukunja vizuri, ameufunga kwa kamba, ameuweka mbali na panya. Akauweka mapajani, hakunipa.

"Mama Novati," alisema, "wewe hukuja kwa ajili ya wavu."

"Nimekuja kwa ajili ya wavu," nikamwambia. "Lakini ni mzito, na mimi ni mzee, na maji ni ya kiunoni. Ukiuleta mwenyewe sitakukataza."

Mtoto akaja akamshika goti. Revina akasema kwa sauti ndogo, "Siku ile niliwarudisha na Mama alikuwa hajamaliza hata msimu mmoja kaburini."

"Ulikuwa unatazama mchanga ukiondoka," nikamwambia. "Hata yeye angeogopa."

Sijui kama ungeogopa. Samahani kama nimekusingizia. Lakini neno lile lilimsaidia, nikaliona likimwingia kama maji kwenye udongo mkavu. Akasema niende, atakuja. Nilipokuwa nafika katikati ya mto nikasikia watu nyuma yangu. Nilipogeuka nikamwona Revina na wavu kichwani, na nyuma yake wenzake na ndoo zao, wameinua vitenge, wanapiga kelele kwa sababu maji ni ya baridi. Nilisimama pale majini mpaka wakanifikia. Mkondo ulikuwa unanisukuma, Koleta, nikashika mkono wa mkweo ili nisianguke, naye akashika wangu, na hakuna aliyemvusha mwenzake zaidi ya alivyovushwa.

Huo ulikuwa mwanzo wa msimu, na sasa tuko katikati yake. Si kwamba wamekuwa malaika. Wanabishania nani aanze karibu na njia, wanabishania kivuli, na juzi Jenesta na mwanamke mmoja wa Rwazi waligombania beseni mpaka ikajulikana kuwa si la yeyote kati yao. Lakini mvua ilipotushtukiza wiki iliyopita niliwaona wakikimbia wote pamoja, wakikusanya bila kuuliza ni dagaa wa nani. Jenesta alimbeba mtoto wa Revina mkono mmoja na ndoo mkono mwingine. Nilitaka kukuita uone. Nilifungua mdomo kabisa.

Nakukosa zaidi saa hizi za jua kali, tukisubiri kugeuza, wakati hakuna kazi. Sina wa kumsengenya mwenyekiti naye. Ila nimetulia, Koleta. Nakula, nalala, mguu hauumi kama zamani. Asubuhi nikitoka nakwenda kwanza ukingoni kuangalia mto umesogea wapi, kama mtu anayeangalia mgonjwa ameamkaje.

Novati alikuja Jumapili, akatembea ufukwe wote, akaniambia ulimi huu umekuwa mrefu mno na mwembamba shinani. Anasema ikija masika kubwa utapasuka tena pale pale, na mchanga wote huu utakuwa wenu. Alidhani nitahuzunika. Nilimwambia Revina, akacheka, akasema basi ataanza kutafuta pa kuniwekea kiti.

Pumzika, munywani wange. Nikuahidi jambo moja, na nimewaambia wenzangu wote walisikie, Jenesta akiwemo: maadamu mimi naweza kuvuka maji haya, mchanga ukiwa huku au ukiwa huko, hakuna mwanamke atakayesimama ng'ambo na ndoo kichwani akisubiri kuitwa. Nitamwita mimi. Na siku nikishindwa kuvuka, ataita Revina. Nimeshamwambia, na amekubali, na sauti yake ni kubwa kuliko yangu na yako tukiziunganisha.

Ni mimi,
Yunia, Mama Novati